SOMO LA AFYA: MAZOEZI NA VIDONGE, KILA KIMOJA NA KAZI YAKE



Robo hii tunawaletea somo juu ya jambo ambalo tunaulizwa karibu kila tunapotembelea vigango vya Ufipa, kuanzia Laela hadi Namanyere, na kushuka bondeni hadi Mtowisa. Swali lenyewe huja kwa namna tatu. Mmoja husema, "Mimi ni mkulima, ninalima tangu utoto, presha nitaitoa wapi?" Wa pili husema, "Nimeanza kutembea kila asubuhi na presha imeshuka, kwa hiyo vidonge nimeviacha." Wa tatu, mara nyingi mjumbe wa kamati, huuliza, "Tukipata fedha kidogo, tununue dawa za wagonjwa wetu au tufanye nini?"

Maswali haya matatu ni ya jamii moja. Ili kuyajibu inatupasa kwanza kuelewa mazoezi yanafanya nini mwilini, na dawa za presha, moyo na pumu zinafanya kazi kwa njia gani. Tukishaelewa, tutaona wenyewe kwa nini kimoja hakichukui nafasi ya kingine, na kwa nini fedha ya msaada inaweza kujenga au kubomoa.

Tunashauri somo lisomwe katika kikao kimoja cha kamati, au ligawanywe katika vikao viwili. Maswali ya kujadili yako mwishoni.

1. MWILI UNA VITASA

Mwili wa binadamu una njia nyingi za kutuma habari kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Mtu akikutana na nyoka njiani, tezi zilizo juu ya figo humwaga kwenye damu kemikali iitwayo adrenalini. Katika muda mfupi sana moyo unaenda mbio, pumzi inafunguka, mikono inatetemeka, jasho linatoka. Adrenalini haikuugusa moyo wote kama mtu anavyosukuma gari. Iligusa sehemu ndogo sana zilizo juu ya chembe hai za moyo, ambazo wataalamu wanaziita vipokezi.

Kipokezi ni kama kitasa cha mlango. Adrenalini ni ufunguo. Ufunguo ukiingia na kuzunguka, mlango unafunguka na kazi inaanza ndani. Mwaka 1948 mtaalamu wa Marekani, Raymond Ahlquist, alionyesha kwamba vitasa vya adrenalini si vya aina moja. Aliviita alfa na beta. Baadaye ikajulikana kwamba beta navyo vimegawanyika: vile vinavyoongoza mapigo ya moyo ni vya beta ya kwanza zaidi, na vile vinavyolegeza njia za hewa kwenye mapafu ni vya beta ya pili.

Mgawanyo huu ndio uliofungua mlango wa dawa nyingi tunazoziona leo katika zahanati zetu. Dawa inayolenga kipokezi inaweza kufanya moja ya mambo mawili. Inaweza kuwa ufunguo bandia unaozunguka na kufungua, kama salbutamoli inavyofungua njia za hewa za mgonjwa wa pumu. Au inaweza kuwa ufunguo unaoingia kwenye kitasa lakini hauzunguki. Unakaa pale pale na kuuzuia ufunguo halisi usiingie. Hivyo ndivyo zinavyofanya kazi dawa kama propranololi na atenololi.

Propranololi ilitokana na kazi ya James Black, mwana wa Scotland, katika miaka ya 1960. Wakati ule waganga walitafuta namna ya kuongeza damu kwenye moyo wa mgonjwa anayebanwa kifua. Black alifikiri kinyume: badala ya kuuongezea moyo chakula, kwa nini tusiupunguzie kazi? Alitafuta dawa ya kuziba vitasa vya beta ili adrenalini isiukimbize moyo bila sababu. Alifaulu, na mwaka 1988 alikuwa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Mwaka 2012 Robert Lefkowitz na Brian Kobilka nao walipata Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kufafanua jinsi vipokezi vya jamii hii vilivyo na vinavyofanya kazi.

Losartani ni mfano mwingine. Mwili unatengeneza kemikali iitwayo anjiotensini, ambayo hubana mishipa ya damu na kuzifanya figo zishikilie chumvi. Losartani inakaa kwenye kitasa cha anjiotensini, mishipa inalegea, presha inashuka. Methildopa, ambayo akina mama wengi wajawazito wenye presha wamewahi kupewa kliniki, hufanya kazi kupitia vipokezi vya alfa vilivyo kwenye ubongo, vinavyotuma amri ya kutuliza mishipa.

Si kila dawa ya presha ni ya vipokezi. Amlodipini huzuia njia ambazo kalisiamu hupitia kuingia kwenye misuli ya mishipa ya damu, na misuli hiyo inalegea. Haidroklorothiazaidi huzifanya figo zitoe chumvi na maji. Tunazitaja kwa sababu ndizo ambazo wagonjwa wetu wengi wanapewa mwanzoni, na kuna sababu nzuri, kama tutakavyoona.

2. MAZOEZI YANAFANYA NINI

Mtu aliyekaa kitako, moyo wake husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika. Akipanda mlima kwa haraka, kama wale wanaopanda kutoka Bonde la Ziwa Rukwa kuja juu Ufipa, kiasi hicho kinaweza kufika mara 3 au 4. Adrenalini inafungua vitasa vya beta, mapigo yanapanda, misuli inapata damu. Wakati huo presha ya juu nayo hupanda. Hilo si ugonjwa, ni kazi.

Faida inakuja baadaye. Mtu akipumzika baada ya kutembea kwa kasi nusu saa, presha yake huweza kubaki chini kidogo kuliko kawaida kwa saa kadhaa, pengine karibu siku nzima. Ukuta wa ndani wa mishipa, unaposuguliwa na damu inayopita kwa kasi, hutoa gesi kidogo iitwayo nitriki oksaidi, na gesi hiyo hulegeza mshipa. Akirudia kwa majuma na miezi, moyo unajifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, hivyo hauhitaji kupiga mara nyingi. Ndiyo maana mkimbiaji aliyezoea anaweza kuwa na mapigo 50 kwa dakika akiwa amepumzika, wakati mtu wa kawaida ana kati ya 60 na 100. Neva zinazokimbiza moyo zinatulia, na zile zinazoutuliza zinapata nguvu. Kwa maneno mengine, mazoezi yanapunguza funguo zinazogonga kwenye vitasa vya moyo mchana na usiku.

Kwa mwenye kisukari kuna faida nyingine kubwa. Kwa kawaida sukari huingia kwenye msuli pale insulini inapogusa kipokezi chake. Katika kisukari cha aina ya pili, kipokezi kinaguswa lakini mwitiko wa ndani umedhoofika. Msuli unaofanya kazi una mlango wa uani: ukikunjwa na kukunjuliwa unavuta sukari hata bila kungoja insulini. Na baada ya kazi, kwa siku moja au mbili, msuli unaitikia insulini vizuri zaidi.

Angalieni hapo: siku moja au mbili. Mazoezi hayawekwi ghalani kama mahindi. Aliyekimbia ujana wake wote kisha akaketi dukani miaka kumi, hana akiba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa juma za shughuli ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za shughuli nzito, pamoja na kazi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi.

Kipimo rahisi cha shughuli ya wastani ni hiki: unaweza kuongea na mwenzako njiani, lakini huwezi kuimba. Ukishindwa hata kuongea, hiyo ni nzito.

3. JE, MKULIMA ANAHITAJI KUFUNDISHWA MAZOEZI?

Ufipa ni nchi ya kazi. Wafipa wanajulikana kwa kilimo chao cha kupindua majani na udongo kuwa matuta ya mviringo, majani yaoze ndani na kurutubisha shamba. Kazi hiyo, pamoja na kuteka maji, kubeba kuni na kusukuma baiskeli yenye gunia kupanda mlima, ni mazoezi kamili. Mama aliyebeba ndoo kichwani na mtoto mgongoni asiambiwe na kamati kwamba hana mazoezi. Yeye anachohitaji ni maji ya karibu, jiko lisilojaza moshi, na kupumzika.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba jembe ni kinga kamili. Katika miaka ya 1990 watafiti walipima presha Dar es Salaam na katika vijiji vya Wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yaliwashangaza wengi: mjini na kijijini, karibu watu wazima 3 kati ya 10 walikuwa na presha ya juu. Kati ya hao wenye presha, wasiofika 2 kati ya 10 walijua kwamba wanayo, karibu 1 kati ya 10 alikuwa anapata matibabu, na waliokuwa wamedhibitiwa vizuri hawakufika hata 1 kati ya 100. Wakulima wa Hai walikuwa na majembe kama sisi.

Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuata Waluo waliotoka vijijini kwenda kuishi Nairobi. Muda mfupi baada ya kufika mjini, presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani. Chumvi mwilini ilikuwa imeongezeka, madini ya potasiamu yanayopatikana katika matunda na mboga yamepungua, uzito umepanda, na hata mapigo ya moyo yalikuwa ya haraka zaidi. Hapa kwetu Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata watu waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam: ndani ya mwaka 1 kazi nzito ya mwili ilipungua sana na uzito uliongezeka kwa zaidi ya kilo 2 kwa wastani.

Tunajifunza nini? Kwanza, mwili unabadilika haraka maisha yanapobadilika. Pili, si lazima mtu ahamie Dar es Salaam ndipo maisha yabadilike. Lami imefika Sumbawanga kutoka Tunduma, bodaboda zimefika karibu kila kigango, mashine za kusaga ziko jirani, na mafuta ya kupikia yanauzwa kwa kipimo kidogo kila genge. Hatulalamikii mambo haya. Mama mjamzito aliyewahi hospitali kwa bodaboda anajua thamani yake. Tunasema tu kwamba kutembea kulikokuwa kwa lazima sasa kumekuwa kwa hiari.

Tatu, kazi ya shamba ina msimu. Kuanzia mvua za Novemba hadi mavuno mtu anafanya kazi sana. Kisha inakuja miezi ya kiangazi, na kwa wanaume wengi miezi hiyo ni ya kukaa. Na nne, kuna chumvi. Dagaa na migebuka kutoka Kirando, Kipili na Kasanga ni chakula bora sana, lakini samaki waliotiwa chumvi ili wasioze wanahitaji kulowekwa na kuoshwa kabla ya kupikwa, na mboga yake haihitaji kuongezwa chumvi tena.

Upande wa pili, tunaye shahidi mzuri wa nguvu ya mazoezi hapa hapa nchini. Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi kwa kuwinda na kuchimba mizizi walivalishwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo. Walionekana kutumia zaidi ya saa 2 kwa siku katika shughuli za wastani au nzito, hata wazee, na dalili za hatari ya magonjwa ya moyo kwao zilikuwa chache. Na huko London, mwaka 1953, daktari Jerry Morris na wenzake walilinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa na makondakta wao. Mshahara na maisha yao vilikaribiana. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba dereva aliketi siku nzima, kondakta alipanda na kushuka ngazi. Makondakta ndio waliopata ugonjwa wa mishipa ya moyo mara chache zaidi.

Kwa hiyo somo la mazoezi lielekezwe kwa wanaolihitaji: madereva, wenye maduka, walimu, watumishi wa ofisini, mafundi cherehani, wazee walioachiwa watoto shamba, na, tuseme ukweli, mapadre, wachungaji na wajumbe wa kamati wanaokaa vikaoni.

4. MAZOEZI NA DAWA VINAPOKUTANA MWILINI

Sehemu hii wajumbe waisome polepole, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

a) Aliyeshusha presha kwa mazoezi asiache dawa mwenyewe. Kwa mtu mwenye presha ya juu, mazoezi ya kudumu hushusha presha ya juu kwa takriban vipimo 5 hadi 8. Ni faida kubwa, inayokaribia ya kidonge kimoja. Lakini aliyekuwa na 178 akishuka vipimo 8 bado ana 170. Kama amepima na kukuta 130, mara nyingi ni kwa sababu mazoezi na dawa vinavuta kamba upande mmoja. Akiachia dawa, kamba inarudi. Daktari anaweza kupunguza dozi, mgonjwa asijipunguzie.

b) Dawa za kuziba beta zisikatizwe ghafla. Vitasa vinapozibwa kwa muda mrefu, mwili huongeza vitasa vipya ukijaribu kusikia adrenalini. Siku mtu anapoacha propranololi au atenololi kwa mkupuo, vitasa vyote, vya zamani na vipya, vinabaki wazi. Moyo unaweza kwenda mbio, presha ikaruka, na mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo anaweza kupata shambulio. Dawa hizi hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari.

c) Anayetumia dawa za kuziba beta asipime juhudi zake kwa mapigo. Moyo wake hautapanda kama wa wengine hata akijitahidi. Atumie kipimo cha kuongea na kuimba tulichokitaja.

d) Pumu na propranololi haviendi pamoja. Propranololi haichagui, inaziba vitasa vya moyo na vya mapafu vilevile. Mgonjwa wa pumu anayepewa dawa ya mwenzake "kwa sababu na mimi moyo unanienda mbio" anaweza kubanwa pumzi hadi kufa. Hii ni sababu tosha ya kutogawana vidonge nyumbani.

e) Salbutamoli si dawa ya kuzoea peke yake. Baridi ya Juni na Julai hapa Ufipa, vumbi la kiangazi na moshi wa jikoni vinawasumbua wenye pumu, na hewa baridi na kavu inaweza kuwabana wakati wa kukimbia. Pafu ya salbutamoli dakika 10 hadi 15 kabla ya mchezo husaidia. Lakini vitasa vinavyofunguliwa kila mara huchoka, navyo huitikia kidogo zaidi. Tena salbutamoli haigusi uvimbe ulio ndani ya njia za hewa. Tangu mwaka 2019 wataalamu wa pumu duniani hawashauri tena mtu mzima kutibiwa kwa salbutamoli peke yake; anahitaji pia dawa ya kuvuta yenye steroidi. Anayemaliza kopo kila mwezi apelekwe hospitali, asinunuliwe kopo lingine tu.

f) Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi ale kabla ya kazi nzito. Dawa inashusha sukari, jembe nalo linashusha sukari. Vyote pamoja vinaweza kuishusha kupita kiasi. Dalili ni kutetemeka, moyo kwenda mbio, jasho, njaa na kuchanganyikiwa. Kama anatumia pia dawa ya kuziba beta, kutetemeka na mapigo ya haraka vinaweza visionekane. Jasho ndilo linalobaki kuwa shahidi. Abebe sukari au pipi mfukoni, na asilime peke yake.

g) Losartani, enalapirili na za jamii yake si za mjamzito. Zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mama anayezitumia akitaka kupata mimba, au akijigundua ana mimba, awahi kliniki abadilishiwe.

h) Dawa inayomfaa mmoja si lazima imfae mwingine. Utafiti ulioitwa CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019, ulihusisha watu 728 wenye presha katika nchi 6 za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda. Waliopewa mchanganyiko wenye amlodipini walishuka presha vizuri kuliko waliopewa perindopirili na haidroklorothiazaidi bila amlodipini. Kwa hiyo ndugu aliyetumiwa dawa na mwanawe kutoka Ulaya asishangae daktari wa Sumbawanga akimpa tofauti.

Baadhi ya wafadhili wetu watakuwa wamesikia habari za dawa mpya za sindano zinazolenga kipokezi kiitwacho GLP-1, kama semaglutidi, zinazoshusha sukari na uzito. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari. Ni hatua kubwa ya sayansi. Lakini bei yake bado ni mzigo, na kwa vigango vyetu amlodipini inayopatikana kila mwezi ina thamani kuliko sindano inayopatikana mara moja.

5. FEDHA YA MSAADA IENDE WAPI

Sasa tunarudi kwenye swali la tatu. Tumeona kwamba mazoezi hayakai ghalani. Dawa nazo ni hivyo hivyo. Propranololi ya kawaida hupungua mwilini ndani ya saa chache, ndiyo maana humezwa zaidi ya mara moja kwa siku. Amlodipini hukaa zaidi, lakini nayo baada ya siku chache imekwisha. Kwa hiyo sanduku la dawa la miezi 3 lililonunuliwa kwa mchango wa Pasaka linamwacha mgonjwa wapi mwezi wa 4? Kama lilikuwa na dawa za kuziba beta, linamwacha mahali pabaya kuliko lilipomkuta.

Hii ndiyo sababu tunaziomba kamati zisianzishe kabati la dawa la parokia. Dawa ziandikwe na kutolewa katika zahanati, kituo cha afya au hospitali, penye tabibu na kumbukumbu. Yapo mambo ambayo kamati inayafanya vizuri kuliko zahanati:

- Mashine ya kupimia presha yenye mkanda wa mkono wa saizi zaidi ya moja. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unadanganya kwa kuonyesha presha ya juu kuliko ilivyo. Mashine ihakikiwe kila mwaka.

- Upimaji wa kila mwezi baada ya ibada. Mtu akae dakika 5 bila kuongea, miguu chini, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo. Apimwe mara 2. Akikutwa na 140 kwa 90 au zaidi, arudiwe siku nyingine kabla ya kuitwa mgonjwa. Akifika 180 kwa 110, aende kituo cha afya bila kungoja; na kama ana maumivu ya kifua, kichwa kikali, kupumua kwa shida au udhaifu wa upande mmoja, ni dharura.

- Nauli na bima. Kwa anayetoka Mtowisa au Kirando, mara nyingi kinachokatiza dawa ni safari. Mfuko wa kuwalipia wasiojiweza bima ya afya na nauli ya kliniki unamsaidia mgonjwa miezi 12.

- Daftari la kuwakumbusha. Jumuiya ndogo ndogo zinajua nani hakuonekana. Msimu wa kulima ndio wakati wagonjwa wengi huruka kliniki. Jumuiya ipange mtu wa kuwachukulia wenzake dawa pale zahanati inaporuhusu. Daftari litunzwe kwa siri. Ugonjwa wa mtu usisomwe kwenye matangazo.

- Kutembea pamoja. Wanakwaya, wazee na wajumbe wakubaliane siku 3 hadi 5 kwa juma, dakika 30, katika miezi ya kiangazi. Kazi hii haina gharama na haihitaji mfadhili.

Kwa wafadhili tunasema hivi: mchango mdogo unaoahidiwa kwa miaka 3 unatusaidia kuliko mkubwa wa mara moja. Hatusemi hivyo kwa kukosa shukrani. Tunasema kwa sababu ugonjwa huu ni wa maisha yote, na mwili hauelewi kwamba mradi umefungwa.

Nchi hii ina mfano wa uvumilivu wa namna hiyo. Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kusomea utabibu Malta, alifika Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889 akiwa katekista na tabibu. Alihudumia wagonjwa hapo hadi kifo chake mwaka 1956. Dawa alizokuwa nazo zilikuwa chache mno kuliko zilizomo leo katika zahanati ndogo kabisa ya Nkasi. Lakini mgonjwa aliyerudi mwaka uliofuata alimkuta, na aliyerudi miaka kumi baadaye alimkuta.

6. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Katika kigango chetu, ni kundi gani linalokaa zaidi bila kutumia mwili? Ni miezi ipi?

2. Ni wangapi kati yetu tuliopo kikaoni tunajua presha zetu? Tupime leo kabla ya kufunga kikao.

3. Je, tunamjua mtu aliyeacha dawa baada ya kujisikia nafuu? Nani wa kumtembelea, na atamwambia nini bila kumtisha wala kumwaibisha?

4. Kutoka hapa hadi mahali pa kupata dawa za presha ni nauli kiasi gani kwenda na kurudi? Zidisheni kwa miezi 12, kisha kwa idadi ya wasiojiweza. Hicho ndicho kiasi halisi cha kuanzia bajeti.

5. Ahadi gani tunaweza kuitimiza kwa miaka 3 hata mfadhili asipokuja?

Tunaomba majibu ya swali la 4 na la 5 yaandikwe na kuletwa ofisini Sumbawanga pamoja na taarifa ya robo ijayo. Kwa hayo tutapanga pamoja.